Posa ya Mtani

Kama Muhsini angenikimbia kwa basi, ningelia, nikanawa uso, nikarudi kwenye cherehani yangu kushona sare za watoto wa shule. Lakini alinikimbia kwa baiskeli, na baiskeli ndicho chombo pekee ambacho mimi, Kasiana, naweza kumfukuzia mwanamume.

Habari aliniletea Osmund, mwenzetu wa Jumamosi. Tuko wachache hapa Songea tunaoendesha baiskeli za resi kwa raha zetu, tukienda Peramiho na kurudi, au Mbinga miguu ikikubali, na majirani zangu wa Mfaranyaki walikwisha kuchoka kutucheka. Asubuhi ile ya Ijumaa Osmund alisimama mlangoni pa kibanda changu, akakataa kuingia.

"Kasi, mmegombana na Muhsini?"

"Nitagombana naye wapi? Wiki ya pili hii hapokei simu yangu."

"Basi nimekutana naye alfajiri barabara ya Namtumbo. Ana begi mgongoni, lile kubwa. Nikamuuliza safari ya wapi, akasema anarudi kwao Tunduru. Nikamuuliza unageuza lini." Osmund akaangalia chini. "Akasema Songea imekwisha."

Nilikuwa nimeshika mkasi, nikauweka mezani taratibu. Songea imekwisha. Mji mzima na soko lake na milima yake ya Matogoro umekwisha, na mimi ndani yake, bila hata kuambiwa kwaheri. Nilijisikia kama mtu aliyefiwa halafu akanyimwa kuona maiti.

Nyumbani nilimkuta mama anachambua maharage. Aliponiona natoka chumbani na suruali ya kuendeshea na helmeti mkononi, alisimamisha vidole.

"Unakwenda wapi na kofia hiyo siku ya kazi?"

"Mama, Muhsini ameondoka."

Mama alimjua Muhsini. Alikuwa amelia sana mwanzoni kwa sababu ya dini, akaenda hata kwa padri, mwisho akakubali tufunge ndoa ya bomani ilimradi asinione nimezeeka mlangoni pake. Lakini baba hakuwa ameambiwa neno. Kwetu binti hamwambii baba yake habari za mchumba. Baba husikia kwa mshenga siku ya posa, na kabla ya hapo hujifanya hajui hata kama anajua.

"Mwanamke hamfuati mwanamume barabarani, Kasiana. Kama ameondoka, ameondoka. Baba yako akisikia umekimbizana na mtoto wa watu hadi porini, uso atauweka wapi?"

"Atauweka palepale ulipo. Mimi nataka kujua kosa langu tu."

"Na ukilijua?"

Nilijaza chupa zangu mbili za maji, nikambusu kichwani, nikatoka kabla hajaanza kulia maana tungelia wote.

Hesabu yangu ilikuwa moja. Muhsini ana miguu kuliko mimi, na alikuwa amenitangulia mno. Kwa kukimbizana tu nisingempata mpaka kiama. Lakini ilikuwa Ijumaa, na Muhsini Ijumaa hapiti msikiti. Angesimama Namtumbo kuswali. Nikifika Namtumbo kabla hajaenda mbali, nitamkamata. Nikikosa, mbele yake ni pori hadi Tunduru, na mimi sina miguu ya kulimaliza pori lile.

Barabara ile ina lami nzuri, ila haijui tambarare. Kila mto umejichimbia bonde lake na kila bonde linakudai kilima. Unashuka unafurahi, upepo unakupiga masikioni, unavuka daraja, halafu unaanza kulipa. Nilipita Lumecha sijamsalimia mtu. Nilipita mabani ya kukaushia tumbaku yanayofuka moshi na mashamba ya mahindi yaliyokauka, halafu miti ikaanza kusogea karibu na lami, miombo kwa miombo, majani mekundu ya kipindi kile yaliyonifanya nikumbuke siku tuliyojuana.

Nilikuwa nimepasukiwa na tairi kwenye kilima cha Kigonsera, siku hiyo. Wenzangu wote walinipita wakipiga kelele za kunitia moyo. Yeye peke yake aligeuza. Alichutama pembeni yangu, akatoa tyubu yangu, akaisikiliza kwa shavu ili ahisi upepo unatokea wapi, huku macho yananiangalia mimi. Nikamwambia, "Tundu liko kwenye tyubu, si usoni kwangu." Akasema, "Najua. Hilo la kwenye tyubu nimeshalipata." Tangu hapo sikuwa mzima tena.

Sasa mtu huyohuyo ananikimbia. Nilipanda vilima nikilia na kushuka nikifuta, nikajitukana, nikamtukana na yeye, nikamwomba Mungu samahani kwa matusi, nikaanza upya.

Namtumbo niliingia watu wamekwisha kutoka msikitini. Mzee mmoja aliyekuwa anafunga kanzu yake vizuri apande pikipiki nilimwamkia shikamoo nikamuuliza.

"Marahaba. Yule kijana wa baiskeli nyembamba? Kaswali na sisi, kanywa maji, kaondoka. Sasa hivi tu." Aliniangalia kuanzia helmeti hadi viatu. "Wewe ni nani wake?"

"Sijui, mzee," nikamjibu, na huo ndio ulikuwa ukweli wote.

Nilimpata bondeni, mbele ya mji, kwenye daraja la mto ambao hata jina lake silijui. Kutoka juu ya kilima nilimwona amekaa kwenye ukingo wa daraja, baiskeli imeegemea, anajimwagia maji shingoni. Niliachia breki. Nilishuka kilima kile kwa mwendo ambao siku nyingine angeuona angenigombeza. Aliposikia mlio wa magurudumu alinyanyua uso, na kwa muda mfupi sana, kabla hajakumbuka kwamba ananichukia, uso wake ulifurahi. Niliuona. Mtu asije kuniambia sikuuona.

Halafu ukajifunga.

"Rudi, Kasiana," alisema. "Jua linakwenda."

"Nitarudi nikiambiwa kosa langu. Hata mwizi husomewa shtaka."

"Kamuulize baba yako."

"Baba yangu hakujui. Anadhani wewe ni fundi tu, unaniletea matairi."

Alicheka kicheko kibaya. Alikuwa amekonda, midomo imepasuka kwa upepo, na chini ya macho kulikuwa na weusi ambao sikuujua. Nilitamani kuushika uso ule. Nikashika usukani wa baiskeli yangu badala yake.

"Hanijui," alirudia. "Sawa. Basi niambie, jembe liko wapi?"

"Jembe gani?"

"Kasiana, tusifanyiane hivyo. Jembe alilolipeleka Mjomba Daimu kwenu. Jipya, lina mpini wa mninga, limefungwa shuka jeupe."

Mzee Daimu, mjomba wake Muhsini, nilimjua tangu nilipojua kutembea. Ni mfanyabiashara wa Tunduru, analeta korosho Songea na kuondoka na mahindi, na ni mtani wa baba. Wangoni na Wayao ndivyo tulivyo. Babu zetu walipigana vita, wajukuu wakabaki na utani. Mtani anaweza kuingia uani akamkamata kuku wako mbele ya macho yako, na ukikasirika wewe ndiye mshamba. Baba aliwahi kumnyang'anya mzee Daimu kofia sokoni, yeye akaondoka na mwavuli wa baba, wakacheka mwaka mzima. Na kila apitapo kwetu husimama mlangoni akatangaza kwamba amefuata mke wake. Alimwambia hivyo mama, alimwambia hivyo hata marehemu bibi yangu akiwa hana jino.

Ndipo nikakumbuka. Mwezi uliopita mama akiwa Peramiho kumuuguza dada yake, nilirudi jioni nikamkuta baba anacheka peke yake. "Daimu alikuja," aliniambia. "Kaja na vituko vyake vilevile, kafuata mke. Nimemnyang'anya jembe jipya." Nami nikacheka, nikaenda kusonga ugali.

"Muhsini," nilisema, na sauti yangu niliisikia inatoka mbali. "Lile jembe lilikuwa la nini?"

"La posa. Wewe umezaliwa Ungoni, unaniuliza mimi Myao jembe jipya la nini? Mjomba alisema asipeleke posa ya Kitunduru kwa mzee wa Kingoni, apeleke ya kwao wenyewe, ampe heshima. Likilazwa ndani wamekubali, likirudishwa wamekataa. Si ndivyo?"

"Ndivyo. Lakini uliniambia atakuja baada ya msimu wa korosho."

"Alipata lori la kuja Songea mapema, akaona kwa nini angoje. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno, simpangii siku. Akanipigia simu usiku ule anasema baba yako, Wendelini, kalipokea jembe kwa mikono miwili, kacheka, karidhika. Nikanyamaza nikungoje wewe uniambie, maana nilidhani unasubiri kwa haya." Alisimama, akaenda hadi upande wa pili wa daraja, akarudi. "Haijafika wiki, mjomba yuko Songea tena, anasikia msiba wa mzee Athanasi jirani yenu. Akaenda kuzika, mtani hakosi mazishi. Unajua alikuta nini makaburini?"

Nilijua. Kabla hajasema nilikwisha kujua.

"Baba alikwenda na jembe," nilisema.

"Jembe la posa yangu lilikuwa linachimba kaburi, Kasiana. Mpini ule aliuchonga mjomba mwenyewe, akauchoma alama, hakuhitaji kuuliza. Baba yako yuko shimoni analima udongo wa maiti kwa uchumba wangu, anamwona mjomba pale juu, anampungia mkono."

"Mjomba wako angesema."

"Aseme nini? Mtani akasirike mbele ya maiti? Alicheka. Aliomba mkeka wa marehemu kama watani wanavyofanya, watu wakacheka na yeye. Halafu akapanda gari kurudi Tunduru, akanipigia akiwa njiani analia. Amenilea tangu nina miaka mitatu, wallahi sijawahi kumsikia analia. Akaniambia, Muhsini mwanangu, wale watu wamekuzika."

Maji ya mto yalipita chini yetu. Lori la makaa lilivuka daraja na kutusogeza ukingoni, tukasimama karibu kwa lazima hadi likapita, harufu ya Muhsini ya jasho na sabuni ikinijia, halafu akarudi nyuma hatua moja.

Nilimweleza. Nilimweleza habari ya kofia na mwavuli, habari ya bibi yangu asiye na jino, kicheko cha baba peke yake jioni ile. Nilimwambia kwamba baba alilipeleka jembe lile kaburini kwa sababu ndilo lililokuwa kali kuliko yote nyumbani, na mzee Athanasi alikuwa rafiki yake, hakutaka kumchimbia kwa jembe butu. Nilisema haya yote nimemshika mkono wa shati na sikumbuki niliushika saa ngapi.

"Alisema nini mjomba wako alipoingia kwetu? Neno la kwanza."

Muhsini alifumba macho. "Alisema amefuata mke."

"Anasema hivyo kila siku, Muhsini. Baba angejuaje kwamba safari hii ni posa?"

Alikaa chini ukingoni, polepole kama mzee. Aliniangalia na nikaona ameniamini, na nilidhani sasa yamekwisha, nikaanza hata kutabasamu mimi mjinga.

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha," alisema. "Nimechelewa, Kasi."

"Umechelewaje? Uko hapa, mimi niko hapa."

"Asubuhi baada ya swala mjomba alinipigia. Amenitafutia mchumba, Mwanaheri, binti wa watu wema. Aliniuliza nasemaje. Nikamwambia fanya utakavyo. Anapeleka posa leo alasiri. Neno la mjomba likishatoka mdomoni, basi. Siwezi kumfedhehesha mzee aliyenilea, wala siwezi kumwaibisha binti ambaye hajanikosea lolote."

"Mpigie simu."

"Mtandao hakuna huku bondeni. Nilijaribu nimjulishe nilipofika."

Tulitazama wote wawili kule mbele, kilima kilipokuwa kinapanda ndani ya miti hadi juu kabisa, ambako mnara wa simu, mwekundu na mweupe, ulichomoza. Kivuli cha miti kilikuwa kimekwisha kuanza kuvuka lami. Nilipanda baiskeli bila kusema kitu, naye akapanda yake.

Miguu yangu ilikufa kabla sijafika nusu. Nisiwadanganye, haikuchoka, ilikufa. Nilikuwa nimetoka Songea bila kula, na sasa paja la kushoto lilinibana hadi nikaona nyota mchana. Nilikuwa kwenye gia nyepesi kuliko zote, pedeli haitaki kushuka. Muhsini alikuwa mbele yangu, begi lile kubwa mgongoni, na niliwaza, sasa ataendelea, na kweli aendelee, apige simu, aniache.

Alipunguza mwendo hadi tukawa sambamba. Halafu akaweka kiganja chake mgongoni mwangu, chini kidogo ya shingo, akasukuma.

Waendesha baiskeli hufanyiana hivyo, si jambo la ajabu. Osmund amewahi kunisukuma, nami nimewahi kumsukuma msichana mdogo kuliko mimi. Lakini kiganja kile nilikuwa sijakigusa wiki mbili. Nilihisi joto lake kupitia fulana iliyolowa, nilihisi kinatetemeka kila anapokanyaga, maana alikuwa anapanda kilima cha watu wawili na begi juu. Hatukuzungumza. Nilisikia pumzi yake inakwaruza, na mimi yangu inakwaruza, na mnyororo wake unalia kwa kukosa mafuta. Niliwaza kwamba kama hii ndiyo mara ya mwisho mtu huyu kunishika, basi kilima kisiishe, na wakati huohuo nikaomba kiishe upesi.

Juu tulianguka na baiskeli zetu kwenye nyasi. Simu yangu ililia mara tatu mfululizo, ujumbe wa mama.

"Mjomba hatanisikiliza mimi," Muhsini alisema huku anahema. "Ataona nimetekwa na mapenzi. Atamsikiliza mzee Wendelini. Neno moja tu, amwombe radhi. Mtu mzima akiombwa radhi na mtu mzima mwenzake, hapeleki posa nyingine."

Nikapiga.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Uko wapi? Mama yako anazunguka tu hapa, nikimuuliza anageukia ukuta."

"Niko mbele ya Namtumbo. Baba, nisikilize, na unisamehe ninavyokuambia kwa simu. Jembe la mzee Daimu lilikuwa la posa. Yangu. Muhsini ni mpwa wake."

"Yule wa matairi?"

"Ndiye."

Baba alicheka. Nilimjua, alicheka kwa sababu alidhani Daimu amemtega tena, kisha kicheko kikapungua kidogokidogo hadi kikakatika.

"Mbona alikuja anacheka?"

"Ndivyo anavyokuja siku zote. Baba, uliliingiza kaburini, na yeye alikuona. Anapeleka posa kwingine leo hii, alasiri. Nakuomba umpigie. Mwombe radhi."

"Kasiana." Alivuta pumzi. "Mtani haombwi radhi. Tangu nizaliwe sijasikia. Nikimwomba radhi leo nimekiri kwamba nilikusudia, kwamba nilimzika mpwa wake nikijua. Miaka yote ile mimi na Daimu, kofia, mwavuli, vyote vinakuwa matusi."

"Hukukusudia. Mwambie hukukusudia."

"Haiambiwi hivyo. Utani ukishaelezwa umekufa."

"Basi ufe, baba. Ni utani wako au mimi."

Nilimsikia mama kwa nyuma anasema kitu, na baba anamnyamazisha. Aliporudi sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Usiniweke hapo, mwanangu," alisema, na akakata.

Nilipiga tena, ikaita hadi ikachoka. Muhsini alikuwa amesikia yote. Hakumsema vibaya baba yangu, alitazama tu barabara inavyoshuka upande wa Tunduru, na nilijua anajizoeza kuondoka.

"Nipe namba ya mjomba wako," nilisema.

"Atakutania, Kasi. Hujui alivyo akiwa na uchungu. Atakutania hadi ulie."

"Anitanie."

Alinipa simu yake. Iliita mara mbili tu.

"Mpwa wangu, umefika wapi?"

"Si Muhsini, mzee. Ni Kasiana, binti wa Wendelini. Shikamoo."

Kikaja kile kicheko cha mlangoni kwetu, kilekile ninachokijua tangu utoto, ila ndani yake hamkuwa na kitu.

"Wangoni bwana. Mmekwisha kunizikia mpwa, leo mmemfukua mmwibie na simu?"

Jibu nilikuwa nalo. Mtoto wa mtani halelewi bila majibu, lilikuwa tayari ulimini na lilikuwa zuri. Nililimeza.

"Mzee Daimu, leo sikutanii," nilisema. "Nimepiga magoti barabarani."

Na kweli nilikuwa nimepiga magoti, kokoto zinanichoma. Hakucheka tena.

Nikamwambia. Sikupamba chochote. "Baba hakujua, mzee. Ulikuja unavyokuja, ukasema unavyosema, naye akachukua jembe anavyochukua kila kilicho chako. Alizika nalo rafiki yake kwa sababu hakuwa na jembe zuri kuliko hilo. Mama yangu anamtaka Muhsini. Mimi namtaka Muhsini hadi nimekuja huku kwa baiskeli yangu, na mwanamke wa kwetu hafanyi hivi. Naomba radhi kwa ajili ya nyumba yetu."

"Baba yako amekutuma?"

Ningeweza kudanganya. Muhsini alikuwa ananiangalia, na hata yeye nafikiri angenisamehe.

"Hapana. Nimemwomba akupigie, amekataa."

Mzee Daimu alipumua. "Ungesema amekutuma, ningejua unanidanganya. Wendelini sikuanza kumjua leo." Sauti yake ilishuka, ikawa ya karibu na ya uchungu. "Lakini umechelewa, binti yangu. Sikungoja alasiri. Nimekwisha kufika kwa wazazi wa Mwanaheri. Nimevua viatu, nimekaa mkekani, chai imemiminwa, nimetoka tu barazani kupokea simu."

"Neno umelitoa?"

"Neno bado. Lakini mtu mzima haingii nyumba ya watu akavua viatu, akavivaa tena bila kusema kilichomleta. Wanangoja. Kwaheri, mwanangu, na Mwenyezi Mungu akupe subira."

Nilihisi simu inaondoka mkononi mwangu. Muhsini alikuwa ameichukua. Alikuwa amepiga magoti na yeye, mbele yangu, na alizungumza akinitazama usoni.

"Mjomba, usikate. Ni mimi. Asubuhi nilikuambia fanya utakavyo. Nilisema kwa hasira, na mke haolewi kwa hasira. Usimpelekee Mwanaheri mtu ambaye roho yake iko huku kilimani na mwanamke mwingine. Yeye ndiye utakayemzika." Alikuwa analia na hakujificha. "Sijawahi kukukatalia kitu tangu umenilea, na sitakukatalia kingine. Hiki tu. Mjomba, vaa viatu."

Muhsini aliiweka simu kati yetu, vichwa vyetu vikagusana, tukasikiliza. Tulisikia mlango, vikombe, mtoto wa watu anachekacheka ndani, mwanamke anamkaribisha mgeni arudi akae chai isipoe. Tulimsikia mzee Daimu anakohoa. Kisha, taratibu, kwa sauti ya mtu mzima aliyeamua kuaibika mbele ya wenzake, akawaambia neno lililomshinda baba yangu.

"Naombeni radhi, jamani. Nilikuja hapa na hasira zangu, na binti yenu hastahili hivyo. Nipeni viatu vyangu."